Bomba Halifungwi kwa Hasira

Aliyetaka chumba kwa Mama Mwenye Nyumba aliulizwa kwanza kama anajua kufungua bomba. Hakuwa na maana ya kufungulia maji, maana hilo kila mtu analijua. Alimaanisha kulifungua bomba lenyewe: kulitoa kofia, kuvuta kijiti chake cha ndani, kubadilisha washa iliyokwisha, yaani kile kipira cha kuzuia maji, na kurudisha kila kitu mahali pake bila kubaki na nati mkononi. Ukijibu kwamba hujui, hakukufukuza. Alikwambia uweke mzigo wako barazani, akaingia ndani, akatoka na spana mbili.

Mimi nilimjibu kwamba sijawahi, lakini sidhani kama ni kazi kubwa. Nilikuwa mwalimu mpya, nimeshuka asubuhi hiyo kwenye treni ya kutoka Tabora, vumbi bado limo kwenye nywele. Akanipa spana, akanionyesha bomba la uani, kisha akarudi nyuma kidogo na kukunja kitenge chake hadi magotini. Sikuelewa anakunja kitenge kwa sababu gani. Nilipoilegeza ile kofia, maji yakanirukia usoni, yakalowesha gauni langu na begi nililokuwa nimeliweka pembeni. Nikaganda pale nimeziba bomba kwa viganja viwili, maji yanatoka katikati ya vidole. Yeye akatembea bila haraka hadi kwenye kishimo cha mita, akafunua kipande cha bati, akafunga koki kubwa.

“Sasa umeshajua kinachoanza,” akasema. “Chumba chako ni kile cha mwisho. Nenda ukabadili nguo, tuje tumalize.”

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika nyumba ile ya Mpanda, na nikakaa humo sehemu kubwa ya miaka ya tisini.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana na sauti nzito ambayo kanisani ilimfanya apangwe mstari wa nyuma wa kwaya. Alipenda vitenge vya rangi ya kahawia kwa kuwa havionyeshi uchafu. Mfukoni mwa blauzi yake alikuwa na vitu ambavyo wanawake wengine hawatembei navyo: kipande cha mpira wa tyubu, uzi wa katani uliozungushwa kwenye njiti, na wembe uliofungwa kwa karatasi. Ndara zikikatika hakuzitupa. Alizikata soli, akazitundika msumarini jikoni, na kila washa tuliyoitumia mle uani ilitokana na ndara ya mtu fulani. Mshonaji aliyepanga chumba cha mbele, kijana kutoka upande wa makazi ya Warundi kule Katumba, alipenda kutania kwamba mke wake amehamia kwenye bomba, kwa sababu washa mpya ilikuwa ya rangi ya bluu kama ndara alizokuja nazo siku ya harusi.

Zile spana mbili zilikuwa na kazi tofauti. Moja ilishika shingo ya bomba lisizunguke, nyingine ikafungua kofia. Hii ya pili ilikuwa ile inayopanuka na kubana kwa kuzungusha kidude chake, inayokubali nati ya kila saizi, na mafundi wote wa nchi hii wanaiita spana malaya. Mama Mwenye Nyumba alikuwa katika chama cha akina mama wa kanisa na jina hilo halikupita mdomoni mwake. Aliiita “yule dada.” Ungekaa chumbani ukasikia uani, “Nileteeni yule dada,” na mgeni aliyekuja kutembea angeinua shingo kumtafuta dada mwenyewe. Siku moja katekista alikuja kumsalimu, akamsikia akisema, “Yule dada amelegea siku hizi, anahitaji mafuta.” Katekista akauliza kama ni mgonjwa wa kuombewa. Mama akamjibu bila kucheka kwamba sala haikatazwi, lakini grisi ndiyo itakayomsaidia zaidi.

Maji ya Mpanda siku hizo yalikuja yanapotaka. Yangeweza kuja alfajiri, yakapotea kabla hujajaza ndoo ya pili. Kwa hiyo kilichodondoka chini kilimuuma kweli. Alikuwa na kauli yake aliyoirudia kwa kila mpangaji, mkubwa na mdogo: “Bomba halifungwi kwa hasira.” Alituonyesha linavyofungwa, kwa vidole viwili na kidole gumba, mpaka linyamaze, basi. Anayekaza kwa nguvu zote anaikamua washa, na washa iliyokamuliwa haifiki mbali.

Mkosaji wake mkubwa alikuwa mpangaji wa chumba cha pili, mfanyabiashara wa ng'ombe, Msukuma mrefu aliyekuja huku na mifugo ya ndugu zake na kusafiri kila mara kwenda Majimoto. Yule bwana alifunga bomba kama anafunga kamba ya dume mnadani. Alikuwa amekataa kujifunza kulifungua.

“Mayu,” alimwambia, kwani kwao mama anaitwa hivyo, “mimi na ng'ombe tunaelewana. Hivi vyuma vina wenyewe.”

“Hao ng'ombe wanakunywa nini?”

“Maji.”

“Basi kaa hapa.”

Akakaa. Alichukua asubuhi nzima, na alipomaliza alikuwa amefunga kofia kwa nguvu kiasi kwamba ilibidi yeye mwenyewe arudi kuifungua mara ya pili. Lakini baada ya hapo, akirudi safari, kitu cha kwanza alichofanya kabla ya kuoga ni kwenda uani kulitazama bomba, na kama lilikuwa linadondosha alituuliza nani kalibana.

Mama hakuhitaji kuuliza. Alisoma watu kwenye bomba. Akitoa washa iliyochimbika upande mmoja, alijua mikono ya nani imefanya hivyo, na mara nyingi alijua pia sababu. Mwaka wangu wa pili pale, aliniita akiwa na washa kiganjani.

“Mwalimu, wiki hii unabana sana. Kuna nini?”

Nikasema hakuna. Akanipa mpira na wembe, akaniambia nikate mpya. Nikaanza kukata, na nilipofika katikati machozi yakaanza kunitoka, nikamweleza. Mwanaume niliyekuwa nimechumbiana naye kule Sumbawanga alikuwa ameoa mtu mwingine. Nilikuwa nimepata habari kwa mdomo wa abiria wa lori, mbele ya watu, sokoni.

Hakusema pole mara moja. Aliutazama mkono wangu.

“Kata taratibu,” akasema. “Ukikata kwa haraka hiyo itatoka ya pembe nne.”

Nikacheka nikiwa nalia. Tulikaa pale chini hadi washa ikawa duara nzuri, tukaiweka, akafungulia koki kubwa, tukatazama mdomo wa bomba. Halikudondosha. Ndipo akanishika bega akasema, “Pole, mwanangu. Huyo atakuwa amekupunguzia mengi.” Sijui nieleze vipi, lakini siku ile nilirudi chumbani nikalala usingizi, kitu ambacho kilikuwa kimenikimbia.

Asije mtu akadhani alikuwa mtu wa mstari mmoja ulionyooka. Yeye aliyelipenda bomba kiasi hicho hakunywa maji yake hata siku moja. Alidai yananukia chuma. Alikunywa ya mtungi, aliyokinga mvua, na mvua zikiisha alimtuma mtu kisimani. Alitufokea kwa tone, lakini akina mama wa Kasokola waliokuja mjini kuuza viazi na karanga walijaza madumu uani kwake, naye akawashikia mfuniko. Na yeye aliyetaka kila mtu ajitegemee alikuwa hawezi kuchinja kuku. Alimwita mfanyabiashara wa ng'ombe, akamkabidhi kuku na kisu, akaingia ndani na kuanza kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya juu mpaka aambiwe tayari.

Namna alivyojifunza mwenyewe alinisimulia mchana mmoja tukichambua maharage. Marehemu mume wake alifanya kazi reli. Alikuwa fundi wa kila kitu, mtu mpole, lakini sanduku lake la vyuma alilifunga kwa kufuli na ufunguo alitembea nao. “Usiguse, utaharibu,” ndilo neno lake. Mama hakuona vibaya, kwani mwenye kujua yupo. Kisha mume akasafiri kikazi, na huku nyuma bomba likaanza kuvuja. Yeye akalifunga matambara. Likazidi. Akaweka ndoo, akaweka sufuria, akalifunga tena. Maji yakapata njia yake chini ya ukuta wa jiko, ambao ulikuwa wa matofali mabichi, na siku moja akiwa kanisani ukuta ukalala chini pamoja na gunia la mpunga na vyungu vyake vyote.

“Aliporudi alikasirika?” nikamuuliza.

“Hapana. Alinihurumia. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyeanguka.”

Alipoondoka tena, mama akaenda kwa mwanamke mmoja aliyekuwa akifanya usafi hospitali, aliyejua mabomba ya kule, akamwomba amfundishe. Akaazima spana. Alilifungua bomba la uani na kulifunga, akalifungua na kulifunga, mpaka mikono ikashika. Mume aliporudi akakuta bomba kimya. Akalifungulia, akalifunga. Akainama akaichungulia kofia, akaona alama za spana ambazo si zake.

“Nani amelitengeneza?”

“Mimi.”

“Alikula, akalala,” Mama akanieleza. “Asubuhi akasafiri. Nilipokuja kuondoa vyombo mezani nikakuta ameuacha ufunguo wa sanduku.”

Aliinama akaendelea na maharage. Nilimwona akijipangusa jicho kwa nyuma ya mkono, nikajifanya naokota kokoto.

Mtu ambaye sheria ile haikumgusa alikuwa mmoja tu, binti yake. Alikuwa na huyo mmoja, ameolewa Kibaoni na mkulima wa mpunga, na pale sokoni aliendesha mgahawa mdogo wa chai, wali na maharage. Nyuma ya mgahawa kulikuwa na pipa la bati lililotobolewa chini na kufungwa bomba, ambapo wateja walinawia mikono. Maji yake yaliletwa na mkokoteni wa ng'ombe kutoka kisimani, na kiangazi kisima kilikuwa mbali. Pipa likivuja kutwa, chai hakuna. Na bomba hilo lilipoanza kudondosha, binti alituma neno Mpanda, na mama yake, aliyemfundisha Msukuma wa watu kwa lazima, alifunga spana kwenye kanga, akapanda juu ya mizigo ya lori, akaenda kulitengeneza mwenyewe.

Nilimwuliza wazi kabisa. “Mama, mbona sisi umetufundisha wote, yeye hujamfundisha?”

“Ana kazi nyingi.”

“Na sisi?”

Tulikuwa barazani, yeye ananisuka, kwa hiyo sikuuona uso wake.

“Nyie mtahama,” akasema. “Mtahama mniache, ndiyo kawaida. Yeye nikimpa na hili, atanitafuta kwa lipi?”

Akanivuta nywele kuashiria niinamishe kichwa.

Binti mwenyewe nilimfahamu. Alikuja Mpanda kila baada ya mavuno, mwanamke mchangamfu, mwenye mikono ya haraka jikoni. Lakini akikaribia bomba linalovuja alikuwa anarudi nyuma. Aliniambia mara moja, kwa utani ambao haukuwa utani wote, kwamba mama yake amewapa spana wapangaji na yeye amempa kitenge. Nikaona kumbe naye ana jeraha lake, na kila mmoja anamficha mwenzake.

Kisha mimi nikahamishwa shule, nikaenda wilaya nyingine, nikaolewa. Nyumba ya kwanza tuliyopewa ilikuwa na bomba bovu, na mume wangu alipotoka kumtafuta fundi alirudi akakuta limenyamaza. Nikamweleza nilikofundishwa.

Habari za ugonjwa wa Mama Mwenye Nyumba nilizipata kwa yule mshonaji wa Katumba, tulipokutana stendi. Mama alikuwa amepooza upande wa kulia. Alianguka akiwa anapanga kuni. Binti yake alikuja na gari la kukodi kumchukua, na mama akakataa kwa wiki kadhaa, akidai nani ataliangalia bomba. Mke wa mshonaji akamwambia, “Mama, hili bomba ulinifundisha mwenyewe. Nenda.” Ndipo akakubali, akamwachia funguo.

Nilimwona mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini, kiangazi, nilipopelekwa Kibaoni kusimamia mitihani ya darasa la saba. Mtihani wa siku ya mwisho ulipomalizika mchana, nikaenda sokoni kuuliza mgahawa wa binti yake. Nikamkuta Mama Mwenye Nyumba amekaa kwenye mkeka nyuma ya mgahawa, ameegemea ukuta, mguu mmoja umenyooka. Mkono wa kulia ulikuwa umelala kwenye mapaja yake. Alikuwa amekonda, lakini sauti ilikuwa ileile, ingawa maneno yalitoka moja moja.

“Mwalimu. Umenenepa.”

Nikakaa karibu yake. Tulikuwa hatujamaliza salamu, nikaona anatazama kitu nyuma yangu. Lile pipa lilikuwa linavuja, na chini yake udongo umekuwa tope. Binti yake alitoka jikoni, akanikumbatia, akalitazama pipa, akamtazama mama yake.

Nikainuka. “Nipeni spana, nilifanye mara moja.”

“Kaa,” akasema binti. Aliniambia kwa upole, lakini nikakaa.

Pipa si kama bomba la mjini. Halina koki ya kufungia. Mama yake alikuwa na ujanja wake wa kutumbukiza mkono ndani hadi bega na kuziba tundu kwa gunzi la mahindi lililoviringishwa kitambaa, kisha akafungua bomba nje bila kupoteza maji. Binti alikuwa hajawahi kuonyeshwa. Alisimama mbele ya pipa na spana mkononi, na nikamwona Mama anafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Nilimjua miaka mingi na sikuwahi kumwona akifanya kazi ngumu kama ile ya kunyamaza.

Binti akafikiri. Akaweka spana chini, akaenda kwa jirani mwenye duka, akarudi na ndoo. Akaenda kwa muuza nyanya, akarudi na madumu na karai. Akayateka maji yote, kata kwa kata, mpaka pipa likabaki tupu. Ilichukua muda mrefu, chai ya jioni ikachelewa, na wateja wawili walisimama kuangalia. Kisha akapiga magoti kwenye tope, akaanza kufungua kofia.

“Umepita njia ndefu,” Mama akasema hatimaye.

“Ndiyo niliyoiona, mama.”

“Maji hayakumwagika?”

“Hayakumwagika.”

Mama akatikisa kichwa kukubali, polepole. Baada ya kitambo akasema, “Shika shingo ya bomba. Lisizunguke.” Binti akaishika. Hilo ndilo neno pekee la ufundi alilomwambia. Washa ya kwanza aliyokata ilikuwa ndogo, ikapita. Akakata ya pili. Akakaza kofia, akarudisha ndoo ya kwanza ya maji ndani ya pipa, akachuchumaa kutazama mdomo wa bomba. Likadondosha tone, likadondosha jingine, akalifunga tena kidogo kwa vidole. Likanyamaza. Tukasubiri sote watatu. Likabaki kimya.

Akarudisha maji yote yaliyobaki, akapeleka vyombo vya watu, akaja kunawa mikono kwenye lile bomba. Nilimtazama Mama. Sikuona furaha usoni mwake mwanzoni. Niliona mtu aliyekaa kituoni, gari limeshaondoka. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya vibanda na wauzaji wa sokoni walikuwa wakianza kufunga mizigo.

Binti akaja hadi kwenye mkeka. Akakaa upande wa mama yake ule usiofanya kazi, akauinua ule mkono uliolala, akauweka mapajani pake mwenyewe.

“Sasa unataka nini?” Mama akamuuliza.

“Sitaki kitu.”

“Bomba limepona.”

“Limepona, mama. Nimekuja kukaa tu.”

Mama akamtazama kwa muda mrefu, kama anayengoja amalize sentensi. Binti akaegemea ukuta, akafumba macho, na mama yake akajisogeza kidogo kidogo kwa ule upande ulio mzima, akampa nafasi.